Ardis Kvamme Asiyesema Nataka

Ardis angejua kwamba ninamwandika, angekuja kwangu na keki. Tungekunywa kahawa, angezungumzia upepo, angeosha kikombe chake na kuondoka bila kuligusa jambo lenyewe, nami ningebaki na haya wiki nzima. Ndivyo watu wa Nordby wanavyogombana. Nimeishi nao zaidi ya miaka ishirini, nimeolewa kwao, nimewazalia watoto, na mpaka leo kuna siku natamani kumshika mmoja mabega nimtikise mpaka aseme anachotaka.

Mimi ni mtu wa Njombe. Baridi hainibabaishi, na kwetu ukitaka kitu unakiomba. Nordby, huku kaskazini mwa Minnesota ambako bitiruti za sukari zimelimwa mpaka macho yanapokoma, kuomba ni aibu ya wazi. Pale kanisani, kipande cha mwisho cha keki hakiliwi. Mmoja atakikata nusu, mwingine atakuja kukata nusu ya nusu, mpaka kibaki kitu ambacho hata sisimizi angekidharau, kisha mwenye sahani atakirudisha nyumbani kwake. Kukichukua chote ni kutangaza kwamba unakitaka.

Katika mambo hayo Ardis alikuwa bingwa wa wote. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mifupa mipana na nywele nyeupe alizozikata mwenyewe jikoni. Msimu wa mavuno alikaa kwenye kibanda cha mizani akipima malori ya bitiruti. Miezi mingine alishona mapazia ya watu. Mumewe, Verlyn, alisifiwa kwa kuongea sana, maana yake aliweza kufikisha sentensi tatu katika mlo mmoja. Walikuwa na mwana mmoja aliyehamia Arizona na kuoa huko. Nyumba yao ilitazamana na yetu, tukitenganishwa na barabara tu, kwa hiyo mengi ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyaona kwa sababu sikufunga pazia.

Ilikuwa baada ya dola la Warusi kuvunjika vipande vipande ndipo serikali ya huku ilipoanza kuwaleta vijana kutoka nchi zilizozaliwa upya kule, wakae mwaka mmoja, wasome shule ya sekondari, wajifunze jinsi watu wanavyoishi, halafu warudi kwao. Tiketi juu ya serikali. Kitanda na chakula ni juu ya familia yoyote itakayojitolea, bila malipo. Nilimweleza mama yangu kwenye simu. Akauliza hata kidogo hawalipwi, nikasema hata senti, akaniuliza kama watu hao wana akili timamu au ni dini inawasumbua.

Aliyewatafutia vijana nyumba hapa mjini aliitwa LaVonne Haugen, mama mwenye gari lililojaa makaratasi. Mwaka wa kwanza alibaki na mvulana mmoja wa Kazakhstan ambaye hakuwa na pa kwenda, na shule ilikaribia kufunguliwa. Akaenda kwa Ardis, akanywa kahawa, akasimulia shida yake kana kwamba anasimulia ugonjwa wa jirani. Hakuomba chochote. Alipomaliza, Ardis alisema kuna chumba huko juu ambacho hakina kazi. Wakazungumzia mambo mengine, na kwa mila za Nordby mvulana alikuwa tayari amepata nyumba.

Tangu hapo kila baada ya mwaka mmoja au miwili aliteremka mtoto mpya mbele ya nyumba ile. Alikuja Mgeorgia aliyeimba bafuni kwa sauti ya kubomoa vigae. Alikuja binti wa Moldova aliyelia mpaka Krismasi, kisha ilipofika siku ya kuondoka akalia upya. Mmoja alimfundisha Verlyn sataranji, akajuta, kwa sababu mzee hakumwacha tena alale. Ardis hakumsifu hata mmoja wao mbele yangu. Lakini alikoma kulaza mkate kifudifudi mezani, kwa kuwa mmoja wao, ambaye kwao huko ni kukikosea chakula heshima, alishtuka alipouona hivyo, na hakuanza tena hata mtoto yule alipoondoka. Ndivyo nilivyojua kwamba anawapenda.

Na hakukata jina la mtu. Mji huu una mkasi wa majina. Mimi naitwa Enesia; kwa wiki moja nikawa Nessie, mpaka nilipokataa kuitika. Alipokuja Mehrangez kutoka Tajikistan, shule nzima ikamwita Meri kabla hajashusha begi. Ardis alifanya mazoezi ya jina zima akiosha vyombo. Nilimsikia dirishani, Mehrangez, Mehrangez, kama mtu anayejifunza kupiga filimbi.

Binti alikuwa na miaka kumi na sita, mtoto wa mji wa Isfara ambako wanakausha aprikoti juu ya mapaa, na kicheko chake kilifika kwetu kikivuka barabara. Jambo la kwanza alilouliza ni amwite vipi mama mwenye nyumba. Akaambiwa mwite Ardis, ndilo jina lake. Akasema kumwita mtu mzima jina kavu, kwao, ni sawa na kumpiga kiatu. Wakajadiliana, na mwishowe binti akamwita kwa neno la kwao ambalo kwa Kiswahili ni mama mdogo. Ardis alinong'ona kwamba haidhuru. Masikio yalimwiva.

Verlyn alifariki mwezi wa kwanza, Krismasi ilipokuwa imepita tu. Alitoka asubuhi kusukuma theluji mbele ya banda la gari, akaanguka, na kabla gari la wagonjwa halijafika alikuwa amekwisha kwenda. Nilifika nikamkuta Ardis amepiga magoti kwenye theluji bila koti, na Mehrangez amemvika lake.

Hapa mtu akifiwa, chakula huja chenyewe. Huja kwenye bakuli za kioo za kuokea: tambi, nyama ya kusaga na uyoga wa kopo vikifunikwa na viazi, na chini ya kila bakuli kuna kipande cha utepe chenye jina la mwenyewe. Ukishakula unaosha, unarudisha, unashukuru, na hapo msiba umefungwa. Baada ya hapo watu wanakuacha peke yako kwa heshima. Heshima hiyo imewazika wajane wengi kabla ya siku zao, na nikisema hivyo naambiwa mimi nina maneno makali.

Ardis alimtuma binti arudishe bakuli. Mehrangez akaziangalia zilivyosafishwa, tupu, akauliza kama kweli anatakiwa kwenda kwenye mlango wa mtu na chombo kisicho na kitu. Ardis akasema ndiyo. Binti hakubishana. Alisubiri mama mdogo wake alale mchana, akachemsha mchele na karoti na nyama ya kondoo, akakaanga sambusa, na kila bakuli likarudi kwa mwenyewe likiwa limejaa. Mimi nililetewa la kwangu nikacheka mpaka nikakaa chini. Kwetu pia chombo hakirudi kitupu. Ni vile nilikuwa nimewasahau watu wangu.

Mji ukachanganyikiwa. Utakulaje pilau ya mfiwa halafu ukae kimya? Wakapika tena, wakarudisha. Mehrangez naye akajaza tena. Ilipofika katikati ya mwezi wa pili bakuli zilikuwa bado zinazunguka barabarani kwenye barafu, wanaume wamenenepa, na mchungaji alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna njia ya kulimaliza jambo hili bila kumvunjia mtu heshima. Nikamwambia, baba mchungaji, ipo, acheni kupika. Akanitazama kama niliyependekeza wauze kanisa.

Kwa hiyo majira yale ya baridi mlango wa Ardis haukufungwa. Watu walifika na bakuli, wakasimama kwenye mkeka wa viatu, wakaambiwa waingie, wakakataa, wakaingia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo nilikuwa naisikia tangu utoto, lakini ndipo nilipouona uponyaji wenyewe, taratibu, kwenye uso wa mwanamke aliyeanza tena kuchana nywele.

Lakini maneno hayakai mahali pamoja. Yalifika kwa wakubwa wa mpango wa wanafunzi, huko mji mkubwa, kwamba kuna mwanafunzi wa serikali anayepika kila siku katika nyumba ya msiba. Wakauliza, na huwezi kuwalaumu, kama mtoto aliletwa kusoma au kumuuguza mjane. Isitoshe nyumba iliyosajiliwa kuwa na watu wazima wawili sasa ilikuwa na mmoja. LaVonne akaagizwa awaulize wote wawili wanataka nini. Na kulikuwa na familia ya daktari wa meno, watu wema, wenye binti wa rika lake na chumba chenye bafu lake, tayari kumpokea.

LaVonne alimuuliza Ardis kama mzigo haujamzidi. Ardis alijibu kwamba asingependa mtoto ajione amefungwa kwa kikongwe. Lililo jema kwa mtoto, alisema, ndilo lifanyike. LaVonne akamuuliza Mehrangez. Mehrangez alijibu kwamba mama mdogo yuko katika huzuni, na yeye atafanya lile litakalompunguzia mama mdogo taabu. LaVonne akaandika kwamba pande zote mbili zimeridhia. Siku ya kuhama ikawekwa Jumamosi.

Kila mmoja akapanda chumbani kwake akiamini kwamba mwenzake amemchoka.

Nililijuaje? Nilimuona Ardis Ijumaa ile akinyoosha nguo za binti kwa pasi, hata soksi. Nikamuuliza, wewe unataka aende? Akasema kule ana mwenzake wa kucheka naye. Nikamwambia sikuuliza habari ya kule. Akasema usiku utakuwa na ukungu. Nikatoka nje nikamkuta Mehrangez anatia takataka kwenye pipa. Nikamuuliza yeye. Akasema mama mdogo anahitaji utulivu. Nikarudi kwangu nikapika ugali mkavu kwa hasira, mume wangu Loren akaula bila kuuliza. Loren naye ni wa hapa.

Jumamosi asubuhi nilikwenda na gari letu kubwa, kwa sababu Ardis hakuendesha kwenye barafu. Masanduku mawili yalikuwa mlangoni. Nilikuta wamekaa mezani na kahawa na kompyuta ndogo imefunguliwa, maana sahihi moja ilikuwa bado: ya mama mzazi. Bibi Sanavbar, kule Isfara, alikuwa amegoma. Alisema hawatamhamisha mtoto wake kutoka nyumba hadi nyumba kama mbuzi wa kukodi mpaka azungumze na mwenye nyumba uso kwa uso. Kwao ilikuwa imekwisha kuwa jioni. Alitokea kwenye kioo akiwa na kilemba cha maua na mashavu ya bintiye.

Hakuwa na Kiingereza. Kila neno lilipita kinywani mwa Mehrangez. Bibi Sanavbar alianza na pole, pole ndefu yenye dua, kisha akapangusa uso kwa viganja. Ardis aliinamisha kichwa, akasema asante. Halafu yule mama akasema jambo fupi. Mehrangez hakulitafsiri.

"Anasemaje?" Ardis akauliza.

"Anaulizia theluji."

Nilimtazama mama wa kwenye kioo. Ule haukuwa uso wa mtu anayeulizia theluji. Naye akamjua mwanawe. Akarudia maneno yale yale, sauti juu, kidole juu. Binti akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Samahani, mama mdogo. Ananilazimisha. Anauliza, mtoto wangu amekukosea nini hata unamtoa nyumbani kwako?"

Ardis akaweka kikombe chini. "Simtoi. Wewe ndiye, nilidhani wewe ungependa kwenda kwa wenzako."

"Mimi sikusema hivyo."

"Hukusema unataka kubaki."

"LaVonne aliniambia umesema lifanyike lililo jema kwangu. Kwetu mfiwa akisema hivyo, ameshakufungulia mlango utoke." Machozi yalikuwa yameanza. "Ningesemaje nibaki? Nani anang'ang'ania kwenye nyumba ya watu?"

Bibi Sanavbar alikuwa anagonga kioo kwa kidole akitaka tafsiri. Ardis alizungusha kikombe kwenye kisahani chake, mara kulia, mara kushoto. Mwishowe akakohoa.

"Mwambie mama yako nyumba ina nafasi."

Binti akavuta pumzi atafsiri, na hapo uvumilivu wangu ukanitoka.

"Usitafsiri hiyo," nikasema. "Ardis, hakuna aliyekuuliza nafasi. Mama wa watu amekaa huko mwisho wa dunia anataka kujua kama unamtaka mtoto wake au humtaki. Mjibu."

Alinitazama, na najua katika maisha yetu yote ya ujirani sikuwahi kumkosea vile. Kumlazimisha mtu wa Nordby aseme, tena mbele ya mgeni, tena jikoni kwake. Nikasema moyoni, basi, ujirani umekwisha, nitakula keki peke yangu. Aligeuka akaangalia dirisha, na pale nje ulionekana mlango wa banda la gari. Alipoyarudisha macho kwa yule mama hakumtazama tena binti wala mimi, alimtazama yeye moja kwa moja, kana kwamba Kiingereza chake kingemfikia chenyewe.

"Nataka abaki," alisema. "Nataka sana. Asubuhi nikisikia miguu yake huko juu ndipo ninapoamka. Akienda sijui nitaamkia nini."

Mehrangez alishindwa kutafsiri. Alifunika uso kwa mikono yote miwili, na mama yake kule anauliza, anauliza tena, amesema nini, hebu niambie. Hatimaye binti alisema maneno machache sana kwa lugha yao. Bibi Sanavbar alirekebisha kilemba chake, akavuta ncha yake kwenye jicho, akasema kitu polepole.

"Anasema basi nikae," Mehrangez akatafsiri. "Anasema nikuambie, nimekuazima, sijakupa. Mwezi wa sita ananitaka."

"Mwambie najua," Ardis akasema.

Nilibeba masanduku kurudi juu mwenyewe, na sikumbuki kazi ya kubeba mizigo iliyowahi kunifurahisha vile. Baba na mama yake binti wakatia sahihi ya kukubali nyumba ya mtu mzima mmoja, LaVonne akaja kukagua jiko na kumwambia Ardis apike mwenyewe siku za shule. LaVonne alisema alikuwa anahisi tangu mwanzo kwamba hawataki kuachana. Nilimeza maneno yangu nikamkaribisha sambusa.

Ardis hakuninunia. Wiki moja hakuja, ya pili akaja, tukazungumzia upepo. Lakini kuna kitu kilikuwa kimelegea. Alimwambia mchungaji kwamba kwaya inavuta sana nyimbo. Alimpigia simu mwanawe Arizona, akamwambia angependa aje Pasaka, na mwanawe akaniuliza mimi kwenye simu kama mama yake ni mgonjwa. Theluji iliyeyuka, mto ukafurika hadi mashambani, ukarudi. Binti alifundishwa kuendesha baiskeli, kwa kuwa gari mkataba unakataza, na Ardis alimkimbilia nyuma akishika kiti, mwanamke wa karibu miaka sabini, barabara nzima ikiangalia nyuma ya mapazia, mengi kati yake ameyashona yeye.

Kisha mwezi wa sita ukafika, maana mwezi wa sita hauna urafiki na mtu. Mkataba wa serikali mbili hauongezwi hata siku. Mtoto anarudi kwao, na miaka miwili lazima akae huko kabla ya kufikiria kuja huku kuishi. Wote waliotangulia walirudi hivyo hivyo. Ardis aliwasindikiza kwa desturi yake: mkate wenye nyama ndani ya karatasi, mkono, safari njema, halafu njia nzima ya kurudi ananihesabia mashamba yaliyochelewa kupandwa. Mimi ndiye niliyekuwa dereva kila mara, kwa hiyo nilikuwa tayari kwa mashamba.

Uwanja wa ndege wa Grand Forks ni mdogo. Unamuona mtu mpaka anapoingia mlangoni. LaVonne alikuwepo na makaratasi yake. Mehrangez alikuwa amevaa koti la marehemu Verlyn, alilopewa na Ardis, ingawa kulikuwa na jua, kwa kuwa halikuingia kwenye sanduku. Alikumbatia kila mtu, hata mlinzi aliyekuwa amekaa pale. Wakaita abiria.

Ardis alikuwa ameshika mpini wa sanduku na hakuuachia. LaVonne akasema kwa upole kwamba muda umefika.

"Mehrangez," Ardis akasema, jina zima. "Sitaki uende."

Alilisema bila kupaza sauti, mbele ya watu, akijua kabisa kwamba hakuna mtu pale wa kulitimiza. LaVonne aliinamia makaratasi yake. Mimi, niliyemsukuma kusema anachotaka mwezi wa pili, nilizitazama funguo za gari mkononi mwangu.

"Na mimi sitaki, mama mdogo," binti akajibu.

Kisha Ardis akafungua vidole, binti akachukua sanduku, akaenda.

Tulirudi kwa ile barabara iliyonyooka, bitiruti zikiwa zimechipua pande zote mbili. Nilingoja anitajie shamba moja lililochelewa. Hakulitaja. Alilia kutoka Grand Forks mpaka mlangoni kwake, bila kugeuzia uso dirishani na bila kuomba radhi, nami nikaendesha polepole.